Mfadhili Akaja Kuuliza Majirani

Usinikunjie uso. Habari yenyewe hujaisikia, tayari umeshaniita mwongo kwa macho! Nyamaza usikilize. Benchi la mkahawa wangu liko ndani, dirishani, linatazama ukumbi wa vijana ng'ambo ya barabara. Mwenye jengo alitaka kuugeuza ghala la saruji, na siku hiyo mfadhili alikuwa anakuja kuamua kama atalinunua, vijana wabaki na pa kuigizia. Aliyemtafuta mfadhili huyo ni binti wa marehemu dada yangu. Kazi yake ni kuchangisha: alianza na kikundi cha sarakasi, akaenda kituo cha vijana wasio na makazi, sasa yuko hapo ukumbini. Na wateja wangu watatu wanabishana tu.

– Binti yako ana dawa, akasema Kinyozi. Tajiri hatoi hela hivihivi.

– Dawa wapi! akadakia Breki, dereva mstaafu. Anasoma nyota za watu. Kile kituo alikipatia vitanda, jiko, na basi. Basi zima, jamani!

– Hamjui kitu, akasema Spika, ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Yule ni mtoto wa siri wa tajiri. Matajiri wote wajomba zake!

– Baba yake fundi bomba, nikamwambia. Harusi niliisimamia mimi.

– Fundi bomba si anaingia majumbani mwa matajiri, mama? Hebu fikiria!

Nusura nimmwagie birika.

– Habembelezi mtu, nikasema. Anamkalisha mgeni sakafuni, katikati ya vijana wakifanya mazoezi, halafu anafunga mdomo. Basi.

– Anafunga mdomo? Kinyozi akajipiga paja. Hapo ndipo dawa inapopanda!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Hapo akaingia mwanamke mmoja mgeni, viatu vimejaa vumbi, akaomba kahawa, akakaa ukingoni.

– Samahani, wazee wangu. Vijana wa hapo ng'ambo, onyesho lao la mwisho lilihusu nini?

Breki akamtazama Spika, Spika akaitazama dari.

– Sisi, mama, tunakaa hapa kila siku, Spika akasema. Safari hii alinong'ona.

– Ndiyo. Lilihusu nini?

Hata mimi sikuwahi kuvuka barabara kulitazama.

– Mchangishaji wao kaniambia nisimsikilize yeye, niwaulize majirani. Mfadhili ni mimi.

Kikombe kikamponyoka Kinyozi. Ng'ambo, ngoma za mazoezi zikaanza kulia.

– Unaamua saa ngapi, mwanangu? nikamuuliza.

– Mazoezi yakiisha.

– Kumbe bado! Inukeni! Breki, beba vikombe. Kinyozi, acha kuokota vigae. Leo kahawa inanywewa sakafuni, kulekule!

– Na goti langu, mama? akalalamika Spika.

– Nalo lije!

Nikamshika mgeni mkono, nikanyakua birika, nikatoka. Breki na Kinyozi wakanifuata, Spika akachomoka wa mwisho akichechemea, akaufunga mlango.