Isale la Aikande

Sikilizeni wanangu, wewe Anneth na wewe Yoeli, zimeni hiyo redio msogee, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Nyumba hii ya Sekei ni yenu wawili, msiiuze, na anayetaka makuu ya Njiro akajenge kwa jasho lake. Hilo limekwisha. Linaloniunguza ni lingine.

Huyu Aikande anayeitwa mama wa muziki wa kufokafoka hapa Arusha, mmemshangilia sebuleni kwangu mkidhani nakohoa kwa ugonjwa. Tulikuwa watatu, mimi, yeye na Namnyaki aliyetupigia mdundo kwa mdomo, mwaka wa tisini na tano, redio za watu binafsi ndiyo kwanza zinafunguliwa, na wazee wa kanisa wanatuita wahuni kwa sababu ya suruali. Mashairi yote niliandika mimi, kwenye daftari la Baiolojia. Nilipopata mimba yako, Anneth, baba yangu akanifungia Machame, na Aikande akaingia studio na daftari langu, kaseti ikatoka na jina moja tu. Niliyasikia maneno yangu redioni nikikata majani ya ng'ombe. Kikulacho ki nguoni mwako. Iliniuma, na inaniuma hadi leo.

Miaka minne baadaye alikuja analia, ameshika jani la isale, na mnajua kwetu isale halikataliwi, hata aliyeua akilileta husamehewa. Nililipokea jani lile nikamlisha mbuzi, Aikande akitazama. Mama yangu hakusema nami mwezi mzima. Ningejuta, wanangu, kama angenitaja redioni hata mara moja, lakini alitaka msamaha wa uani kwa wizi wa hadharani.

Nizikeni kihambani, kwenye migomba ya ukoo wetu, Machame. Atakuja, hakosi msiba. Mpeni kipaza sauti, aghani ubeti wa pili wa wimbo wa kaseti ile, kisha aseme mbele ya mchungaji na watu wote, "Haya aliandika Ndeshi." Namnyaki awepo, ndiye shahidi. Akisema, pokeeni isale lake mlipande kichwani pa kaburi langu, nami nitakuwa nimesamehe.

Inamisheni vichwa niwawekee mkono... Mungu awape marafiki wanaowataja mkiwa hampo... awape... nipeni maji kidogo. Amina. Yoeli, mwanangu... asiponitaja... mbuzi wapo.