Eirlys Prosser wa Treorchy, Mlezi kwa Miaka Ishirini na Sita

Mama yetu mpendwa, Eirlys Prosser, alizaliwa Treorchy, Wales, tarehe 14 Februari 1948, mtoto wa tatu wa Mzee Emlyn Bevan, mchimba makaa, na Bi. Olwen.

Alisoma shule ya mtaani kwao hadi mwaka 1963, kisha akaajiriwa jikoni katika shule hiyo hiyo. Watoto walimpenda kwa kuwa hakuwa na mkono wa birika wakati wa kugawa pudini.

Tarehe 18 Julai 1970 alifunga ndoa na Idris Prosser, fundi umeme wa mgodini. Walijaliwa watoto wawili: mimi, Nerys, na mdogo wangu Gethin.

Oktoba 1993 Baba alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Mama aliacha kazi wiki hiyo hiyo. Kila nilipomsihi aombe posho ya serikali kwa walezi wa wagonjwa alinijibu, “Nilipwe kwa kumlisha mume wangu?”

Jumapili ya sensa, Aprili 2001, nilimsomea fomu mezani. Iliuliza kama kuna mtu ambaye yeye anamtunza bila malipo, na kwa saa ngapi kwa wiki.

“Andika hapana,” alisema. “Mimi ni mke, si mlezi.”

Baba alikohoa kwenye kiti chake. “Kwa hiyo… najiogesha… mwenyewe?”

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza mbele yetu tangu Baba augue. Akachukua kalamu, akatia alama penye saa hamsini na zaidi.

Mwezi uliofuata aliomba posho. Sharti lilikuwa saa thelathini na tano kwa wiki. Yeye alizimaliza kufikia Jumatano. Alilipwa hadi Februari 2008, alipotimiza miaka sitini. Pensheni ilianza, posho ikakoma, kwani kanuni haikuruhusu apokee zote mbili. Baba bado alihitaji kunyanyuliwa.

“Nimestaafu,” aliwaambia majirani, “ila mgongo wangu haujapewa taarifa.”

Sensa ya 2011 ilipokaribia, alipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu. Bi. Glenys Pugh alimwambia mlangoni kwamba hamtunzi mtu yeyote, huku ameshika kijiko cha kumlishia mama yake.

“Huyo unayemlisha ni nani, dada?” Mama alimuuliza. “Usipojiandika, huko ofisini watajuaje kama upo?”

Alihesabu nyumba kumi na moja za namna hiyo katika mtaa mmoja.

Baba alifariki Novemba 2019, akiwa nyumbani, mikononi mwa Mama.

Mama alianza kuugua moyo mwaka 2022. Kutunzwa kulimpa taabu kuliko ugonjwa wenyewe. Kila nilipomvisha soksi aliniomba radhi. Asubuhi ya Jumapili, 3 Machi 2024, nilimfuta uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Akanitazama, akauliza, “Wewe umeshakula?” Nikamwambia nimeshakula. Akafumba macho.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na dada yake, Bi. Menna.

Apumzike sasa, Mama yetu. Zamu yake imekwisha.