Fermina Caal na Kurasa 412

Marehemu Fermina Caal Tzib alizaliwa San Juan Chamelco tarehe 7 Julai 1951. Baba alikuwa juu ya paa akiziba tundu, hakushuka mpaka aliposikia kilio. Alinifuata mimi, kaka yake Eusebio.

Alisoma kwa masista hadi darasa la sita, akajifunza kupiga chapa mjini Cobán. Aliajiriwa na mnunuzi wa iliki, na kuanzia 1978 na parokia. Tarehe 12 Mei 1973 aliolewa na Lázaro Choc, seremala, aliyependa kumtania kwa jina la binti yao: "Mama Delfina, ukipiga mashine hivyo mvua inaona haya."

Mwaka 1995 parokia ilikusanya ushuhuda wa walioona mauaji ya vita vya nchini mwetu. Majina arobaini na moja yaliwekwa kwenye vidiski vya kompyuta. Sista Milagros wa parokia alimwomba rafiki yake aliye Marekani programu ya kompyuta ya kufunga maandishi yasisomwe na mwingine. Programu yenyewe ni ya bure. Jibu likaja: sheria ya kwao inaihesabu kuwa silaha, kuituma nje kwenye kidiski ni kifungo; ikichapwa kitabuni, ruksa.

"Sista, mbona bunduki zao zilifika hapa bila kuwa kitabu?"

"Fermina, nyamaza, tungoje posta."

Tulingoja miezi mitano. Katikati, kidiski kimoja kiliibwa ofisini. Kilikuwa na majina mawili, moja la Lázaro. Wote wawili tuliwatoa mto Cahabón wakiwa maiti tarehe 9 Novemba.

Kitabu kilifika Desemba, kurasa 412. Marehemu, na nguo zake nyeusi, alikiingiza chote kwenye kompyuta herufi kwa herufi, bila kuelewa hata mstari. Programu ikagoma. Siku kumi na tisa nilimsomea, mabano, nukta, mkato, naye akilinganisha. Nikiharakisha, alisema, "Kaka, polepole. Hawa ni watu."

Nukta moja ilikosekana, ukurasa wa 287. Machi 1996 majina thelathini na tisa yakafungwa. Agosti wezi walirudi, wakaibeba kompyuta nzima. Hakuna shahidi aliyeguswa.

Tukimsifu alikasirika. "Programu ingetumwa kwa kidiski, ingefika kwa wiki moja," alisema.

Kisukari kilimwanza 2011, kikachukua macho, kisha figo. Alifariki hospitalini Cobán tarehe 11 Februari 2019, saa nne asubuhi, vidole vikigongagonga shuka.

Ameacha watoto wawili, Delfina na Anselmo, wajukuu watano, kaka mmoja, na mashahidi wake. Baadhi ya mashahidi hao wamesimama hapa kaburini. Majina yao hatukuyachapa kwenye karatasi hii, kwa agizo lake. Apumzike kwa amani, kando ya Lázaro.