Barua ya Msamaha ya Sebineza

Nyuma ya chumba cha kufulia nguo, kwenye majengo ya kupanga upande wa Columbus, Ohio, unaopakana na Hilliard, lipo benchi ambalo Wakongo wamelifanya bunge. Jumamosi asubuhi, kiangazi kile cha 2015, mashine zilizunguka ndani na termosi ya kahawa ikazunguka nje. Siku hiyo kesi ilikuwa ya Sebineza, na Cikuru, ambaye kwa kawaida hakuna awezaye kumnyamazisha, alikuwa ameinamia kikombe chake kama mtu anayetafuta nzi.

Habari yenyewe kila mtu aliijua. Sebineza alitaka kutoa risasi kwenye bastola yake kwa sababu mtoto ameanza kupanda makabati. Akaisahau moja ndani. Ikatoka, ikapita ukutani, ikaua televisheni ya jirani, mama wa Kimarekani. Hakuna mtu aliyeumia. Kesho yake wazee wa kanisa walimpeleka kwa yule mama na kreti ya soda na barua ya kuomba msamaha, kama wafanyavyo watu waliolelewa. Mama alilia, akawakumbatia. Kisha, kwa wema wake, akaipeleka barua polisi ili waone jirani yake ni muungwana. Sasa Jumatatu Sebineza anasimama mahakamani.

— Miye naonaka hii si kesi, alisema Anicet, anayeitwa Prokirere, yaani mwendesha mashtaka, kwa kuwa zamani alilinda mlango wa mahakama Uvira. Risasi haikutoka inje. Jengo moja, paa moja. Ni mambo ya mu nyumba.

— Na televizio? aliuliza Zihindula, dereva wa foklifti, gari la kuinulia mizigo ghalani, na Foklifti ndilo jina lake.

— Banasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji si alipona?

— Hiyo methali inaingia wapi?

— Inaingia tu.

Foklifti akajimiminia kahawa.

— Bon, sikiliza. Mu inchi hii bunduki iko na haki mu katiba. Miye na weye tuko na grini kadi tu, si uraia. Donc juji anapashwa kuuliza bunduki kwanza.

— Asante Mungu si Buffalo, alisema Prokirere. Shemeji yangu anakaa kule. Bastola bila ruhusa, banakufunga mbele hata haijalia.

— Basi ahamie Louisville, mu jimbo ingine. Akivuka mto, kesi ya Ohio inabakia ng'ambo.

— Polisi batamufuata.

— Polisi ya Ohio ikivuka mto, nayo inakuwa mukimbizi.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Cikuru hakucheka. Yeye alikuwa amesikia maneno ya wakili kutoka kinywani mwa Sebineza mwenyewe. Sheria inauliza jambo moja: ulipiga kwa kujua? Kama hukujua, ni kosa dogo, mtu analipa faini anarudi kazini. Kama ulijua, ni kosa kubwa, na grini kadi inaweza kwenda nalo. Barua nayo ilisema waziwazi: nimekukosea kwa kujua na kwa kutokujua.

Ndivyo wanavyoungama kanisani kila Jumapili, ili isibaki dhambi hata moja nje. Sebineza hajui Kiingereza. Alikuwa amesema tu, "Andika iliniponyoka." Cikuru, kwenye meza ya jikoni kwake, aliliona neno hilo dogo mno kwa msamaha wa watu wazima. Akaandika maungamo kamili, kwa Kiingereza chake kizuri, akayasoma mara mbili kwa kujipendeza, akampa mwenzake kalamu atie sahihi. Sasa alijuta. Lakini mwezi ujao yeye mwenyewe alikuwa na kiapo cha uraia, na hakutaka jina lake lisikike mahakamani.

Ndipo Rakeli, mke wa Sebineza, akatokea na kapu lake la nguo. Hakuwa na desturi ya kusimama pale. Siku hiyo alisimama.

— Jambo, ba papa.

— Jambo, mama.

— Avoka, wakili wa bwana yangu, anatafuta mutu mumoja. Ule aliandika ile barua. Akuje Jumatatu aseme bile maneno ni yake, na bwana yangu hakujua kusoma Kingereza. Nauliza Sebineza jina, anakataa. Anasema hawezi kuingiza mwenzake mu shida. Ni nani?

Prokirere, aliyekuwa na jibu la kila kitu, akaanza kufunga kifuniko cha termosi. Foklifti akaangalia viatu vyake. Cikuru akainamia tena kikombe chake.

— Haya, alisema Rakeli. Mubakie na amani.

Akaondoka na kapu lake. Lilikuwa zito, na hakuna aliyeinuka kumpokea.

Foklifti akauliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama:

— Cikuru, Jumatatu uko na kazi?

— Niko na kazi.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya mapumziko.