Dakika Kumi na Tano Kutoka Homa Bay

Mgeni rasmi, Kapteni Lynnet Nyarangi, rubani wa ndege ya madaktari. Mwalimu wetu Ratemo. Wazazi na majirani, hamjambo!

KARIBU
Sisi akina mama wa darasa la jioni hapa Sori tunakupokea kwa mikono miwili. Tukikosea, utusamehe. Hatujawahi kumsomea risala mtu aliyeshuka kutoka mawinguni.

TULIKOTOKA
Kiwanja hiki cha nyasi tumekijua kama malisho tangu tuolewe hapa. Kwenda hospitali Homa Bay kwa barabara ni kuzunguka milima ya Gwassi, kubadilisha gari njiani, mtoto mgongoni. Mmoja wetu, Valary, ndiye mimi ninayesoma, huenda kila mwezi kwa sababu moyo wa binti yangu Liz una tundu. Mwezi uliopita tulifika kliniki imefungwa. Tukaambiwa turudi.

TULICHOJIFUNZA
Uliposema utakuja kujaribu kutua, ndipo uamue kama ndege itakuja kila Alhamisi, mwalimu alitundika ramani. Tukanyoosha uzi kutoka Homa Bay hadi Sori. Kilomita hamsini hivi! Angani hakuna kona. Tukagawanya kwa mwendo wa ndege yako, tukapata dakika kumi na tano. Mwenzetu Pauline alipiga kigelegele hadi watoto wakaamka.

Leo ulipopiga simu kwamba unaruka, tukakodolea saa macho. Dakika zikatimia, mlio huo! Tukaanza wimbo. Ndege ikapita juu, ikaenda zake.

"Valary, hesabu yako imeishiwa mafuta!" Pauline akanicheka.

"Hesabu iko sawa," Mama Caren wa darasa letu akapaza sauti. "Ni ng'ombe waliosimama katikati ya kiwanja!"

"Wa nani?" Pauline akauliza.

"Wangu, basi!" Mama Caren akajibu. "Mnaniangalia nini? Kimbieni!"

Kapteni, tulikimbia na nguo zetu mpya, viatu mkononi, tukawafukuza hadi ulipozunguka ukatua. Tulipima kila kitu, tukasahau kufunga mifugo yetu wenyewe.

LINALOTUSUMBUA
Tunaogopa kwamba kule juu uliona ng'ombe tu, hukutuona sisi.

OMBI
Tumekubaliana papa hapa kiwanjani, Mama Caren akiwa wa kwanza kuinua mkono, kuzungushia kiwanja ua wa ojuok, ule mmea wa utomvu mweupe ambao ng'ombe haugusi. Mpaka uote vizuri, tutalinda kwa zamu, na wenye mifugo wote wamekubali mbele ya chifu.

Hatukuombi jibu sasa hivi. Alhamisi ijayo pita tu huku juu, uangalie. Ukiona nyasi tupu, na mama mmoja amesimama kando na mtoto mgongoni, tafadhali usizunguke mara ya pili. Tua.

Mungu aibariki mikono yako inayoshika usukani, na anga ya hapa ikuzoee. Erokamano ahinya, asante sana.

Ni sisi,
Darasa la Jioni la Akina Mama, Sori