Mama Viraka Hakuiamini Mvua ya Kwanza

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, mimi ni mtoto wa tatu wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda watu wasimamishwe juani kwa maneno mengi, nitajitahidi.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa mkulima wa mahindi na mfinyanzi wa vyungu, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1963, akaachia hapo kwa sababu ukame ulimaliza chakula nyumbani na mikono yake ikahitajika shambani. Kuanzia mwaka 1968 hadi 2006 alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na wengi mliopo hapa mmekunywa uji wake, wengine, sitawataja, mliunywa mara mbili kwa kubadilishana masweta mkidhani hawaoni.

Tarehe 9 Agosti 1970 alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto watano, na sote tupo hapa.

Mwaka 1984 ndio uliompa jina. Mvua ilinyesha kwa nguvu, wazazi wetu wakamaliza mbegu yote ardhini kama kila mtu, maana aliyechelewa kupanda alionekana mvivu, mahindi yakaota, jua likarudi, yakakauka yakiwa na urefu wa kidole, na mvua ya kweli iliposhuka mwezi uliofuata hapakuwa na punje ya kurudishia, tukala mihogo asubuhi na jioni hadi dada yetu mkubwa akagoma kuiona. Tangu hapo mama akaligawa shamba vipande vitatu, cha kwanza akikipanda kwa mvua ya kwanza, cha pili mvua ikishashika, na cha tatu akikichelewesha makusudi na kukitia mtama na kunde, visivyodai maji mengi. Majirani walicheka, wakamwita Mama Viraka, na baba, Mungu amrehemu, akawaambia wateja wake kwamba mkewe analima kwa kubahatisha. Mama hakukasirika, alisema tu kwamba mvua ni mgeni, humpikii chungu kizima kabla hajavua viatu. Polepole waliocheka wakaja kuomba mbegu, kisha wakaanza kugawa mashamba yao, na leo ukisimama barabarani hujui kiraka cha nani kimeishia wapi.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2023. Msimu huu, akiwa amelazwa, tulibishana naye waziwazi, kwa kuwa mvua ya kwanza ilikuwa nzito, trekta la kukodi lilishafika, na sisi watoto tukataka kumaliza shamba lote kwa mkupuo, naye akatuma neno kwamba atakayegusa mbegu ya kipande cha tatu asikanyage wodini. Tukanung'unika, tukatii. Kipande cha kwanza kilikauka chote, cha pili kikaota, na Jumapili dada yangu alimpelekea miche michache ndani ya kikombe, mama akaishika majani, akasema, "Haya, mtakula." Alifariki Jumanne, tarehe 3 Desemba 2024, alfajiri, akiwa na miaka 73, nasi tumeumia sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, walimu na wapishi wenzake wa zamani, na majirani ambao tangu Jumanne hamjaacha jiko letu lizimike.

Jambo la mwisho ni ombi. Jana mvua ilirudi na ardhi imelowa vizuri, mbegu ya kipande cha tatu ikikaa wiki nyingine msimu utakuwa umetupita, hivyo familia imekubaliana, na msituone hatuna adabu, kwamba tukitoka makaburini hatutaketi, tutaingia shambani, wanawake kwa wanaume, na mwenye jembe aje nalo. Mama, kiraka kilichobaki tunakipanda leo. Pumzika kwa amani.