Selestini Likanda, Fundi wa Miti na Mpandaji wa Jiwe la Naipingo

Marehemu Selestini Likanda, ambaye leo Alhamisi, tarehe 11 Septemba 1958, tumekuja kumsindikiza, alizaliwa Mnacho, Ruangwa, mwezi wa Machi mwaka 1922. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake. Mama huyo alifariki Selestini akiwa bado mdogo, naye akalelewa na wajomba zake, ambao tunao hapa mbele. Wamefika tangu jana asubuhi, na maswali waliyokuja nayo tumeyajibu yote, mengine mara mbili.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1936. Siku moja kengele ya kanisa ilinasa na hakuna aliyethubutu kuifuata kule juu. Selestini alipanda akainasua. Badala ya kumshukuru, mwalimu alimuuliza njia ya kufika kwenye kengele ameijuaje. Shaka za namna hiyo zilimwandama maisha yake yote, na ni lazima isemwe kwamba nyingi zilitoka hapa Naipingo.

Mwaka 1948 alikuja Nachingwea kutafuta kazi kwenye mashamba ya karanga. Wenzake wengi waliwekwa kwenye kung'oa miti kwa matrekta. Yeye na Shaibu Mbaruku wa Mkotokuyana walichukuliwa na msimamizi mmoja Mtaliani, wakapewa kazi ya kuitunza miti iliyoachwa isimame karibu na nyumba na barabara. Hapo Selestini alijifunza kupanda kwa kamba ya katani, kuanza kukata tawi kwa chini ili lisichane gome, na kuliteremsha polepole lisivunje paa la mtu. Akishamaliza alipaka lami kwenye kidonda cha mti. Watu walipoiona ile lami walisema ni dawa, na wapo ambao hadi leo hawapiti chini ya miti hiyo. Kabla ya kupanda alikuwa na mazoea ya kupiga kelele, "Napanda!" ili aliye chini au jirani ajue kwamba juu kuna mtu.

Mtaliani huyo alikuwa mtu wa kwao milimani, na siku za mapumziko aliwachukua hao wawili kwenda kupanda majabali. Hawakufuata asali, wala pimbi. Walipanda, wakakaa, wakashuka. Mtaliani alirudi kwao mwaka 1951, lakini starehe yake aliwaachia, na mashamba ya karanga yalipofifia hao wawili waliendelea kuitwa huku na huku kukata matawi, na siku za mapumziko wakaendelea kupanda.

Tarehe 14 Oktoba 1950 Selestini alifunga ndoa na Domitila, binti wa Mama Dionisia wa hapa Naipingo. Kwa desturi yetu alihamia kwa mkewe. Kwa desturi hiyo hiyo, yeye na mama mkwe wake hawakutazamana uso kwa uso wala kusemezana. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja wao aliingia porini mpaka mwenzake apite. La kusemwa lilipitia kwa Domitila, au kwa kaka yake Felisian, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu.

Sasa, nyuma ya nyumba ya Mama Dionisia kuna lile jabali ambalo sisi tunaliita Jiwe tu, maana halina mwenzake. Kila Jumapili baada ya Misa, Shaibu alikuja na baiskeli yake, akafuatana na Selestini hadi pale. Na kila Jumapili, chini ya Jiwe, Selestini alipiga kelele zake: "Napanda!" Mtini tulimwelewa. Lakini Jiweni anamwambia nani? Chini yake hapapiti mtu. Wakifika juu, Selestini alikaa ametugeuzia mgongo, uso ameuelekeza Ruangwa, mpaka jua lipungue.

Mama Dionisia aliyaona hayo na hakuyapenda hata kidogo. Kwanza alidhani wameficha kitu. Kisha akawaza kwamba mkwe wake anaita mizimu ya Jiwe. Kisha, kwa kuwa uso ulielekea Ruangwa, akaamini kwamba anapanga kutorokea kwao na kumwachia binti yake watoto. Lakini la mwisho ndilo lililomkosesha usingizi, hata hakuthubutu kumwambia jirani. Bafu lake lilikuwa la mabua, halina paa. Mwanamume aliye juu ya Jiwe angeweza kumwona mama mkwe wake akioga, na aibu hiyo kwetu haina dawa. Aliacha kuoga mchana, hata siku za kupalilia.

Mwezi wa Juni mwaka 1953 alimwita Felisian akamwambia, "Mfungie vitu vyake arudi kwao. Sitaki kujua zaidi." Domitila alilia akaomba mumewe aulizwe kwanza. Lakini angeulizwa vipi? Maneno yale mama mkwe hawezi kumpelekea mkwe, hata kwa mjumbe. Ndoa ilikuwa inakufa kwa swali lisiloulizika.

Mama Dionisia akamsubiri Shaibu njiani, kwa kuwa Shaibu hakuwa mkwe wake.

"Wewe Shaibu, huyo mwenzio anamwita nani kule?"

Shaibu alishuka kwenye baiskeli. "Anakuita wewe, mama."

"Mimi?"

"Anakutaarifu. Usikie yuko juu, uingie ndani. Mimi nilimwambia, huenda kule bafu halionekani, limezibwa na mihogo. Akanijibu hataki kuhakikisha. Tukipanda anatazama mwamba, tukifika anageukia Ruangwa. Na mimi kanikataza kugeuka. Shingo inaniuma, mama, miaka yote hii."

"Na mnafuata nini?"

"Siku sita tunapanda kwa ajili ya mapaa ya watu. Hiyo moja ni yetu."

Hilo la mwisho Mama Dionisia hakulikubali, na hakuna Naipingo nzima aliyelikubali. Mtu atoke jasho bure? Jumapili iliyofuata alimtuma Felisian apandishwe. Felisian alipandishwa kwa kamba, akisali njia nzima, na juu alikuta mwamba mtupu, kinyesi cha mijusi na kidimbwi cha maji ya mvua. Aligeuka akatazama nyumbani. Bafu lilionekana lote, na ndoo, na kata iliyoelea ndani ya ndoo. Pembeni yake Selestini alikuwa ameketi, ameligeuzia bafu mgongo.

Alipoambiwa, Mama Dionisia alisema, "Basi, mwacheni." Tangu hapo, kila aliposikia "Napanda!" aliendelea na kazi zake uani, na jirani akiuliza ni nani huyo, alimjibu kwamba ni mtu mwenye adabu. Lakini kumwambia mwenyewe hakuweza, wala Selestini hakujua kamwe jinsi alivyokaribia kufukuzwa.

Mwezi wa Januari mwaka huu Selestini alianza kukohoa. Hapa kijijini walisema ni Jiwe limemchoka. Kwao walisema ni uji wa ukweni. Daktari alisema ni kifua kikuu. Alilazwa hospitali ya misheni, na Shaibu alimpelekea habari za miti kila wiki. Tarehe 7 Septemba, ilipoonekana hana siku nyingi, Mama Dionisia alivaa kanga zake mpya akaenda. Selestini aliposikia sauti yake mlangoni aligeukia ukutani, hali hana nguvu ya kujigeuza. Mama Dionisia aliingia akaketi kitandani.

"Geuka, mwanangu. Miaka minane umenipa mgongo. Inatosha."

"Mama, nitakuona."

"Nione."

Domitila alimsaidia kugeuka. Walitazamana kwa mara ya kwanza, na wote wawili walilia. Ndipo Selestini akaomba azikwe Naipingo. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba, saa kumi alasiri.

Wajomba zake walipofika jana walikataa. Walimkagua marehemu, wakauliza nani alimpa chakula cha mwisho, wakamuuliza Shaibu kama kamba ilikuwa nzima. Ni haki yao, nasi tungefanya vivyo hivyo. Kisha mkubwa wao akasema, "Mtu huzikwa kwa mama yake, na mama yake amelala Mnacho. Hapa kuna mkwe tu."

Mama Dionisia alijibu kutoka upande wa wanawake, ambako haikutarajiwa mtu aseme. "Mkwe hamwoni mama mkwe wake uso. Huyu aliniona. Mimi ni mama yake, mzikeni kwangu."

Wajomba walinong'onezana kwa muda mrefu. Hatujui kama wametuamini, lakini kaburi hili wamelichimba kwa mikono yao.

Marehemu ameacha mjane, Domitila. Watoto wawili, Letisia na Fidelis. Wajomba zake wa Mnacho. Mwenzake wa kazi na wa mapumziko, Shaibu Mbaruku. Na mama yake, Dionisia, wa hapa Naipingo.

Mungu amlaze pema, hapa hapa nyumbani kwao.